Kiberiti Kilichomezwa

Katika nyumba ile kiberiti kilikuwa hakikai jikoni. Kilikaa kwenye pindo la nguo ya Bibi, kimefungwa fundo ambalo hata mwizi angeliogopa, na aliyetaka kuwasha jiko alikwenda kwa Bibi, akainama, akaomba. Mama aliomba. Baba aliomba, ingawa kwa kunguruma. Hata kitinda mimba wao, bwana mdogo wa miaka tisa ambaye kiatu cha kulia bado anakivaa kushoto, alikuwa akipewa njiti yake na ganda la kuikwaruzia, anakwenda navyo jikoni kifua mbele kama amekabidhiwa ufunguo wa benki.

Mtu mmoja tu hakupewa. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, keshampita mama yake kimo, amejaa chunusi na kiburi kama wenzake wote wa umri huo, na tangu azaliwe hajawahi kuwasha njiti hata moja. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limelala kwenye makaratasi ya shule. Nyumbani, mtaani, mpaka kwa walimu wake, aliitwa Kiberiti.

Sasa msidhani ni jina la mapenzi. Mimi najua majina ya mapenzi, nimewapachika watu mengi. Hili lilikuwa jina la kesi.

Baba yake alikuwa fundi seremala, na kama mafundi wangekuwa wanalipwa kwa maneno badala ya milango, familia ile ingeishi ghorofani. Alikuwa na hadithi moja aliyoisimulia kuliko zote. Akija mgeni, hadithi. Akija shemeji kuazima msumeno, hadithi. Mgeni hajakaa sawasawa, Baba keshamnyooshea binti yake kidole.

"Mnamwona huyu? Mnamwona alivyokaa kimya kama maji ya mtungini? Huyu ndiye aliyenifilisi!"

"Eti nini?" Mgeni anashtuka, kama inavyotakiwa.

"Nilikuwa na karakana, ndugu yangu. Si kibanda, karakana! Vijana chini yangu, mashine ya kuranda, vitanda vinasubiri kupakiwa. Huyu ana miaka mitano. Mama yake kamleta kwangu asubuhi, kamwacha pale kwenye maranda, yeye huyoo, kaenda kwenye mambo yake. Mimi niko nje kwenye geti naongea na mteja. Mara nasikia harufu. Nageuka, moshi! Naingia mbio, namkuta bibie amelala kwenye kona, pembeni ya gunia la matambara, na gunia linawaka! Nikamnyakua. Nyuma yangu paa likashuka. Vitanda, mashine, mbao, kila kitu, jivu."

Hapa Baba alikuwa na desturi ya kunywa maji, taratibu, ili mgeni aumie.

"Sasa tukamkagua. Mikono mitupu, inanuka mafuta ya mbao. Mfukoni hamna kitu. Na ndani ya karakana yangu kiberiti kilikuwa mwiko, hata mvuta sigara alikiacha getini! Tukatafuta kila mahali. Kiberiti hakuna. Basi nikawaambia watu, jamani, msijisumbue. Amekimeza!"

Watu walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu. Baba anangoja wachoke, kisha anamalizia: "Mpaka leo, huyu akicheua, mimi naruka dirishani."

Kiberiti aliijua hadithi ile kama unavyolijua jino bovu. Alijua kicheko kitaanza wapi na kitaishia wapi. Alijua pia kwamba Baba akifika pale pa "huyoo, kaenda kwenye mambo yake", Mama huinuka kwenda kuangalia sufuria, hata kama hakuna sufuria jikoni. Mama alikuwa fundi cherehani siku hizo. Siku ile alikuwa amekwenda kumpimisha bibi harusi gauni. Baada ya moto, watu walimwangalia jicho la kumtoboa, na Bibi, ambaye ni mama yake Baba na mdomo wake haujui likizo, alimwuliza mbele za watu: mama gani huyu anayemtupa mtoto kwenye maranda? Cherehani ilifunikwa kitambaa. Ikawa meza ya kuwekea vyombo.

Na kila kilichoharibika baadaye kilipata sababu ile ile. Paa likivuja: "Tungekuwa na bati jipya, ila kuna mtu hapa." Karo ikichelewa: "Muulizeni mwenye kumeza viberiti." Baba akirudi jioni na mfuko wake wa vifaa begani, baada ya kutwa nzima kupachika milango kwenye nyumba za watu, Bibi humpokea kwa kuguna, "Mwanangu jamani, na ulikuwa na karakana," huku akimtazama mjukuu.

Wanacheka, wanasema ni utani. Jaribuni kuwa utani wa watu kila Jumapili, mkiwa na umri ambao hata mtu akikutazama goti unahisi ametazama moyo.

Shuleni mwalimu wa malezi aliwahi kuwaambia wachore mstari mrefu. Kushoto waweke yaliyopita, kulia yatakayokuja, na katikati wajiweke wenyewe. Wenzake walijaza ndege, majoho, na nyumba zenye bustani, na mmoja aliyekuwa akipata sifuri za hesabu alijichora meneja wa benki. Kiberiti alichora ulimi wa moto upande wa kushoto. Upande wa kulia hakuchora kitu.

"Mbona huku patupu?" mwalimu akauliza.

"Pameungua."

Mwalimu alicheka, akidhani mtoto ana vichekesho. Hakuwa na vichekesho. Alikuwa anajibu swali.

Ndivyo alivyojijenga. Wakimwita Kiberiti, basi watakiona. Alipigana na wavulana wawili wa darasa la juu, mmoja akaenda nyumbani na sikio la rangi nyingine. Mwalimu wa zamu akimkemea, alimtazama bila kupepesa. Wasichana walimwogopa, na yeye alipenda kuogopwa, kwa sababu ukiogopwa angalau hakuna anayekucheka. Ila jikoni akipita karibu na jiko alikunja mikono kifuani, kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani. Hilo hakuliona mtu.

Alipomaliza shule, wakati wa kusubiri matokeo, akatafuta kibarua. Akakipata kwa Mama Msasa.

Mama Msasa alikuwa mwanamke wa makamo, mikono yake ukisalimiana naye unahesabu vidole vyako, na ukiulinganisha na ulimi wake, mikono ile ilikuwa na afadhali. Alikuwa na uwanja wenye paa ambako makabati, meza na vitanda viliingia vyeupe na kutoka vinang'aa. Kazi pale ilikuwa kusugua. Unasugua msasa mkavu, unafuta vumbi, unapaka mafuta kwa tambara, unaacha yanywe, unapaka tena, mpaka mti unajisahau kwamba ulikuwa mti. Vibarua wengi walikimbia mapema. Kiberiti hakukimbia. Alisugua kwa hasira zake zote za Jumapili zote, na hasira, kumbe, zinang'arisha mbao vizuri sana.

Siku moja alimaliza meza ya watu, akainama kuitazama, akauona uso wake. Si kwenye kioo, kwenye kitu alichokitengeneza yeye. Akakaa akiutazama mpaka Mama Msasa akampigia kelele: "We binti! Unajichumbia hapo?"

Pale hakuna aliyemwita Kiberiti. Alijitambulisha kwa jina la kwenye makaratasi, akishindwa hata kulitamka vizuri, likimbana kama kiatu kipya.

Sheria kubwa ya uwanja ule ilikuwa moja, na haikuwa kuchelewa. Tambara lililogusa mafuta halikunjwi. Linatandazwa juu ya waya, nje, lote wazi, kama nguo iliyofuliwa. Asubuhi ya kwanza Kiberiti aliona ule waya umejaa matambara ya kahawia, akadhani wanafua. Siku nyingine akiwa amechoka, akayakusanya ya kwake matatu manne, akayafinyanga tonge, akalitupia kwenye ndoo. Mama Msasa alitoka alikotoka kama jini.

"Nani kafanya hivi? Nani?"

"Mimi, mama. Nilikuwa nataka—"

"Unataka kutuchoma! Unataka niage watoto wangu kwa tambara!"

Neno lile lilimpiga kifuani. Akajua wameambiwa. Akajua hata hapa hadithi imemfuata. Ngumi zikajikunja zenyewe. "Sina kiberiti mimi! Nikagueni! Sina kiberiti!"

Mafundi wakatazamana. Mama Msasa naye akatulia ghafla, kwa maana alikuwa amezoea watu kulia, si kuomba kukaguliwa.

"Nani kasema habari za kiberiti? Njoo hapa."

Akalichukua lile tonge la matambara, akaongeza mengine, akalishindilia ndani ya kopo la rangi tupu, akalibeba mpaka katikati ya uwanja, mbali na mbao, juani. "Kafanye kazi. Nikikuita uje."

Kiberiti akasugua, jicho moja kwenye kopo. Hakuna aliyelisogelea. Hakuna aliyewasha kitu. Chai ikanywewa. Jua likahama kidogo. Kisha kijana mmoja akapiga mluzi, na wote wakanyanyua vichwa. Uzi wa moshi ulikuwa unatoka kwenye kopo, mwembamba, wa bluu, unapanda bila haraka. Mama Msasa akalipiga kopo teke, tonge likafunguka, na katikati yake palikuwa pekundu.

"Mafuta haya yakikauka yanatoa joto," alisema Mama Msasa. "Ukiyatandaza, joto linakwenda na upepo. Ukiyafungia, joto linakosa pa kwenda, linapika palepale mpaka linawaka. Halitaki kiberiti. Halitaki mtu. Kila fundi wa mbao anajua. Na asiyejua, anafundishwa na paa lake." Akamwaga maji. "Haya, kazini."

Kazini wapi! Kiberiti alikaa chini, palepale kwenye vumbi la msasa. *Pembeni ya gunia la matambara.* Maneno ya Baba yakaanza kurudi moja moja, yale yale ya kuchekesha, lakini kila moja likirudi na meno. *Mikono mitupu. Kiberiti kilikuwa mwiko. Tukatafuta kila mahali, hakuna.*

Hakukimeza. Hakikuwepo.

Mnaweza kudhani alifurahi. Hata! Alishikwa na kizunguzungu cha ajabu, kama mtu aliyepanda ngazi akakanyaga kipandio ambacho hakipo. Wale wavulana aliowapiga, aliwapigia nini? Kama hakuunguza kitu, basi yeye alikuwa nani miaka yote hii? Wenzake walikuwa wanahangaika na kesho yao, yeye alikuwa amebadilishiwa jana. Halafu, baada ya kizunguzungu, hasira ikaja, na hii haikuwa ile ya zamani aliyoizoea, ya kupiga masikio ya watu. Hii ilikuwa imenyooka.

Baba hajui, alijiambia. Baba ni fundi wa kupigilia na kuranda, hajui mambo ya mafuta. Alishikilia wazo hilo kwa nguvu zote. Alilihitaji.

Muda wa kusubiri matokeo ulipokaribia kwisha, Mama Msasa akamwambia atamchukua awe mwanafunzi wa kazi kabisa, kwa miaka, mpaka awe fundi. Ila kwanza mzazi aje.

Hapo palikuwa na desturi. Mama Msasa hakutaka kusikia sifa. Mzazi alisimamishwa mbele ya meza ya kazi, mafundi wote wakisikiliza, na kuambiwa: nitajie ubaya wa mtoto wako. Sifa nitaziona mwenyewe, ubaya niambie sasa, mbele yake, tusije tukalaumiana. Mzazi wa kijana mmoja alisema mwanawe mlevi wa usingizi, wakampangia kazi ya kusimama. Mwingine alisema wake anadokoa, akawekwa mbali na vifaa vidogo. Akipita hapo, mtoto ni wa uwanja. Akikwama, ndiyo basi, na katika uwanja uliojaa mafuta na mbao kavu, ubaya wa kuchoma moto ungemkwamisha yeyote.

Kiberiti angeweza kumwambia Baba kabla. Angeweza kumketisha, akamweleza habari za kopo na moshi, akamwomba asiiseme hadithi. Alikuwa na wiki nzima. Badala yake, asubuhi ile wakiwa njiani, akasema kwa sauti tamu kabisa:

"Baba, usisahau ile ya kiberiti. Watu wa pale wanapenda vichekesho."

Baba akavimba kichwa. Akakaza mkanda, akasafisha koo.

Walipofika, mafundi waliacha kazi. Mama Msasa akajifuta mikono. "Karibu, fundi. Haya, tuambie ubaya wake."

"Ubaya!" Baba akacheka. "Mmekaa vizuri lakini? Maana huyu mnayemwona hapa, alivyotulia kama maji ya mtungini, huyu ndiye aliyenifilisi!"

Akaanza. Na niseme ukweli, aliisimulia siku ile kuliko siku zote. Mashine ya kuranda ilikuwa kubwa zaidi, vitanda vilikuwa vya mbao za bei. Mafundi walicheka pale pa kuchekea. Akapanda, akapanda, akafika kwenye kona. "Namkuta bibie amelala, pembeni ya gunia la matambara, na gunia linawaka!"

Kicheko kimoja kikakatika njiani, kama redio iliyochomolewa.

Baba hakusikia. Alikuwa ameshika mwendo. "Tukamkagua. Mikono mitupu, inanuka mafuta ya mbao. Na kiberiti kilikuwa mwiko ndani ya karakana yangu! Tukatafuta, hakuna. Basi nikawaambia, jamani, msijisumbue—"

Akasimama, akingoja wacheke. Hakuna aliyecheka. Kijana wa mluzi alikuwa anatazama chini. Mzee mmoja wa kupaka vanishi alikuwa ameweka brashi pembeni. Mmoja baada ya mwingine, bila kupanga, wakageuza macho kwenye waya, kwenye matambara ya kahawia yaliyotandazwa mojamoja kwenye upepo.

Kiberiti alikuwa amesubiri kitu hiki wiki nzima. Alikuwa ameuchora uso wa Baba kichwani, macho yatakavyomtoka pima, atakavyosema: kumbe! Kumbe matambara! Mwanangu, nilikukosea bila kujua! Alikuwa hata amepanga muda gani atakataa kabla ya kumsamehe.

Baba aliufuata mtazamo wa watu mpaka kwenye waya. Na hakushangaa.

Ndilo lililomchinja. Hakushangaa hata kidogo. Alitazama yale matambara kama mtu anayekutana barabarani na mdai aliyemkimbia zamani. Kisha akatazama viatu vyake.

"Gunia lilikuwa limefungwa?" Mama Msasa aliuliza polepole.

"Lilikuwa... limeshindiliwa."

"Na wewe ni fundi."

Baba akahamishia mfuko wake wa vifaa bega la pili.

"Nilikuuliza ubaya wa mtoto," alisema Mama Msasa. "Wake sijausikia. Nimeusikia wako." Akamgeukia binti. "Haya, sema mwenyewe. Ubaya wako nini?"

Kiberiti akasogea mpaka mbele ya meza ya kazi. "Nina hasira."

"Hiyo naiona kwa macho. Nyingine."

"Nilijua. Nilijua tangu lile kopo. Nikamleta hapa makusudi, nikamwambia asimulie."

Mzee wa vanishi akaguna. Baba akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama binti yake kama anamwona mtu mzima amevaa nguo za mtoto wake.

"Hiyo mbaya," alisema Mama Msasa. "Hiyo mbaya kweli, na siku ukinifanyia mimi nitakufukuza na msasa. Kesho asubuhi. Ukichelewa usije."

Njiani Baba alitangulia, mfuko wa vifaa unampiga kiunoni. Kiberiti akamfuata nyuma mpaka walipovuka barabara kubwa, hapo akashindwa.

"Ulijua lini?"

"Tuongee nyumbani."

"Baba, ulijua lini!"

Mwuza maji akageuka. Baba akashusha sauti. "Siku ile ile. Kabla moto haujazima. Matambara kila siku nilikuwa natandaza mwenyewe. Jana yake mteja ana haraka, nikayashindilia kwenye gunia, nikasema nitatandaza kesho. Kesho yenyewe ndiyo hiyo."

"Halafu ukasema ni mimi."

"Sikusema! Watu ndio walisema. Walikuona nimekubeba, wakasema ni huyu mtoto alikuwa anachezea. Mimi nilinyamaza tu."

"Hukunyamaza! Umeisimulia miaka yote! Ya kucheua umeongeza mwenyewe!"

Baba akajaribu njia nyingine, ile ya upole. "Mwanangu, nisikilize. Mwenye jengo alikuja na polisi. Alikuwa ananichukua. Nikiwa nimekubeba, una kidole mdomoni, akakutazama, akasema ah, mtoto! Akaondoka. Fundi aliyechoma karakana kwa uzembe wa matambara nani angempa tena kazi? Tungekula nini? Wewe ulikuwa na miaka mitano. Nilijua utasahau."

"Nisahau saa ngapi?" Sauti yake ilikuwa imepanda mpaka haijijui. "Mlinipa nafasi ya kusahau saa ngapi? Jumapili? Nilikuwa nimeshasahau, Baba! Sikumbuki moto, sikumbuki gunia, sikumbuki kitu! Ninachokumbuka ni wewe!"

Wakatembea. Kiberiti akauliza tena, "Na Mama anajua?"

Baba akaangalia duka ambalo halikuwa na kitu cha kuangalia.

"Hajui," Kiberiti alijijibu. "Aliacha cherehani. Hajui."

"Nitamwambia. Nikipata wakati mzuri nitamwambia."

"Leo. La sivyo nitasimulia mimi, mbele ya wageni, na nitaanza pale pa kucheua."

Baba akaisimulia. Aliisimulia sebuleni, mfuko bado uko begani, na ilikuwa fupi sana. Kumbe bila chumvi hadithi ile haikuzidi sentensi nne. Mama alikuwa anachambua mboga juu ya cherehani iliyofunikwa. Mikono ikaendelea kuchambua kidogo, yenyewe, halafu ikaacha.

"Kwa hiyo siku ile," alisema Mama, "mtoto alikuwa salama kwenye maranda."

"Mke wangu—"

"Alikuwa amelala tu. Nilimwacha kwa baba yake, akalala. Hicho ndicho nilichofanya."

Bibi akajikohoza kwenye kiti chake. "Ah, mambo ya zamani hayo, wanangu. Yamepita."

"Hayajapita, mama," Mama alisema, bila kupandisha sauti, na nyumba nzima ikaogopa. "Yalikuwa yanapita hapa hapa sebuleni kila Jumapili, na wewe unayakaribisha kiti." Akaanza kutoa vyombo juu ya cherehani. Sahani moja, sahani nyingine, bakuli, anaziweka chini mbele ya miguu ya Baba, na Baba hakujua azikanyage au azipishe. Mwishowe Baba akatoka kwenda uani, akasimama huko na mfuko wake, mgongo kwa watu.

Bibi alihangaika na pindo lake. Fundo alilolifungua kila siku leo likagoma, akatumia meno. Hatimaye akamnyooshea mjukuu mkono, kiberiti kikiwa juu ya kiganja. Hakusema neno, na kwa Bibi hiyo ilikuwa hotuba.

Kiberiti alikitazama muda mrefu. Alitamani kukataa. Alitamani kukitupa juu ya paa. Badala yake akakichukua, akaenda jikoni, akapiga magoti mbele ya jiko, akatoa njiti, akaikwaruza. Ikakatika. Ya pili ikakatika. Ya tatu kichwa kikaruka kisiwake. Machozi yakaanza kumchoma, ya hasira tupu: mchomaji mkuu wa mtaa mzima, hajui hata kuwasha njiti!

"Sivyo, dada," alisema bwana mdogo mlangoni, viatu vimebadilishana. "Unaishika mbali sana. Ishike karibu na kichwa, halafu isukume iende nje, usiivute kwako. Hivi."

"Nyamaza."

"Basi ishike karibu na kichwa."

Akaishika karibu na kichwa, akaisukuma nje. Ikawaka.

Akaitazama. Mwali mdogo, wa njano, chini una bluu kidogo, unayumba kwa pumzi yake mwenyewe. Hata kuku asingekimbia.

"Ndicho hiki?" alisema, kwanza taratibu. Kisha akageuza uso kwenye mlango wa uani, akaipandisha sauti mpaka majirani wakanyamaza kusikiliza. "Ndicho hiki mlichokuwa mnanificha? Kitu chenyewe ndicho hiki?"

Mwali ukamfikia vidole. Akautupa, akachukua njiti nyingine, akaikwaruza. Ikawaka. Akaitupa, akachukua nyingine. Kule uani, kila njiti ilipolia, mgongo wa Baba ulishtuka, na binti yake akaendelea kukwaruza.